Barua Mbili kutoka Rosmullan

Tangu ndege yetu ifutwe, Dublin hadi Rosmullan ni saa nne na nusu za basi. Kwenye kiti cha mbele yangu alikaa mama aliyevaa nguo nyeusi. Mazishi ya dada yake yalikuwa saa tano, na saa tano ilitukuta Monaghan, bado tuko njiani.

"Pole, mama," alisema mzee wa kando yake. "Hawa wadhibiti wa ada za viwanja vya ndege ndio wametumaliza. Kindege cha watu kumi na tisa kilipe kutua sawasawa na dude la watu mia mbili?"

"Walituuliza kwanza, mzee wangu," mama akajibu. "Mimi nafagia ofisini kwao. Walitoa wiki sita watu watoe maoni. Mashirika makubwa yalileta marundo. Kutoka Rosmullan zikaja barua mbili tu: ya padri, na ya mtu analalamika ndege inawatishia kondoo wake."

"Mpumbavu gani huyo?"

"Jina nililiona. Litanijia tu."

Kondoo wenyewe walikuwa wanne, na barua niliiandika jioni moja nikiwa na hasira.

Basi likasimama. Nikamshushia mama begi lake. Akanishika mkono, akaniuliza naitwa nani, aniombee.