Mwalimu Andendekisye Mwakasyuka, Aliyewapisha Watoto wa Kilugu

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 1958, ni Mwalimu Andendekisye Mwakasyuka. Tunajua mmechoka kupanda mlima. Wengi mmeuliza njiani kwa nini kaburi limechimbwa huku juu, wakati baba yake amelala kule chini karibu na shule. Mwenye kuuliza hakukosea, na jibu lake limo katika maisha ya marehemu.

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1910 hapa hapa Kilugu, katika milima ya Mbeya, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwakasyuka na Mama Ikupa. Baba yake alitaka awe mchungaji wa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walimshinda, kwa sababu alikuwa akichora herufi mchangani huku wao wakimaliza mahindi ya watu. Baada ya kulipa mahindi ya jirani mara ya tatu, mzee alisalimu amri, na mwaka 1921 akampeleka shule ya kanisa ya kijiji cha mbali. Mwaka 1930 alikwenda Iringa kusomea ualimu, akamaliza mwishoni mwa 1931.

Huko Iringa alimpata Lea, binti wa Mzee Kalinga wa Mufindi, Mlutheri wa kweli na mwanamke asiyezunguka maneno. Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1934. Mama Lea alipofika Kilugu hakujua hata neno moja la Kinyakyusa, lakini baada ya mwaka mmoja alikuwa akigombana na wakwe zake kwa lugha yao, nao wakampenda kwa hilo.

Shule ya Kanisa ya Kilugu ilifunguliwa Januari 1936, Mwalimu akiwa mwalimu wake wa kwanza. Lilikuwa darasa moja la nyasi. Shule ikakua kuliko mtu yeyote alivyotazamia, hata watoto wakawa wanasomea nje, mvua ikija wanakimbilia kanisani. Ilikuwa inaishia darasa la nne tu. Aliyetaka kuendelea shule ya kati alikwenda mbali, na msichana ndiyo basi tena. Sekela, binti yake mwenyewe, ilibidi aende kuishi kwa bibi yake Mufindi ili asome. Siku alipomsindikiza, Mwalimu alirudi nyumbani akakaa barazani, chakula hakukigusa. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu: Kilugu ipate shule ya kati, tena yenye bweni la wasichana.

Mwaka 1952 alileta miche ya milingoti, yaani mikaratusi, kutoka Mufindi, akaipanda kuzunguka malisho ya kijiji, ili ikikomaa itoe mbao za kuezekea madarasa yajayo. Nia ilikuwa njema, ila hakumwambia mtu. Mwalimu mzima alisahau kwamba kwetu anayepanda mti amesema ardhi ni yake! Kulipokucha, miche yote ilikuwa imeng'olewa na kupangwa mlangoni pake. Lakini mizizi ilikuwa imefungwa kwa majani ya mgomba yenye maji, maana hakuna mkulima wa Kilugu awezaye kuua mche.

"Baba Sekela, hawa hawajakukataa," Mama Lea alimwambia. "Wamekasirika tu. Nenda ukawaombe."

Akaenda. Mzee Isakwisa, jirani yake, alimjibu mbele ya wote, "Tata, wewe unataka malisho yetu. Ya kwako umetoa nini?"

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mwalimu alisimama akawakumbusha desturi ya wazee wetu: vijana wakishakua, baba zao husogea pembeni na kuwaachia nchi. "Hawa wa shule wameshakua," alisema. "Mimi nasogea." Wiki hiyo alianza kufyeka migomba yake iliyozaa vizuri kuliko yote kijijini, akahamisha nyumba yake hadi kule bondeni kwenye unyevu, kiwanja chake akakiachia shule. Aliyefika wa kwanza na jembe kumsaidia ni Mzee Isakwisa. Malisho yakatolewa. Miche ikapandwa tena huku juu, safari hii kwa mikono ya kijiji kizima.

Darasa la tano lilifunguliwa Januari 1955. Mwalimu alipigilia vigingi kila mahali patakapojengwa kitu, na ole wako uking'oa kimoja kwa kuni. Vya bweni la wasichana alivipigilia pale pale ilipokuwa nyumba yake, ubavuni mwa kaburi la baba yake.

Mwezi Machi mwaka huu alishikwa na kichomi, kikamrudia mara kwa mara. Mwezi Septemba alimwita mdogo wake, Jailos.

"Baba alitangulia, bweni litampita kando," alimwambia. "Lakini mkiniweka na mimi pale, bweni halitakuwepo. Kaburi halihamishwi."

"Kaka, mwana mkubwa kuzikwa mbali na baba yake? Watu watasema tumekutupa."

"Waambie nimewapisha."

Alifariki hospitalini Mbeya, Jumanne tarehe 14 Oktoba, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Lea. Hatutaficha kwamba familia ilibishana. Jailos alikwisha kushika jembe aende kuchimba kando ya baba yao, kwa uchungu, si kwa ubaya. Mama Lea alikwenda akasimama katikati ya vigingi, akasema, "Mnachimba chumba cha watoto." Jailos akalia, akaweka jembe begani, akapanda huku juu. Kaburi hili amelichimba yeye.

Marehemu ameacha mjane, Mama Lea. Watoto watatu, Sekela, aliyeko Iringa akisomea ualimu, Tupokigwe na Philbert. Mama yake mzazi, Ikupa. Mdogo wake Jailos. Na wanafunzi wa Kilugu, waliopo na ambao hawajazaliwa. Milingoti inayotutia kivuli sasa hivi ni ile ile mliyoing'oa mkaifunga mizizi. Mkiteremka, piteni kando ya vigingi, msivikanyage.

Mwalimu, umetupisha. Pumzika kwa amani.