Aliyekagua Mbao Asubuhi Ile

Kijiweni nyuma ya soko la Wete pana benchi mbili na birika la kahawa, na mwaka huu palipata cha kutazama. Ng'ambo ya njia lilikuwa likijengwa ghorofa la maduka, na saiti yenyewe ilikuwa safi kupita kiasi. Misumari iliyong'olewa hutiwa koponi, mbao hupangwa kwa urefu, na kila alasiri hufagiliwa kama ukumbi wa harusi. Hapiti mtu bila kofia ngumu na jina lake kuandikwa getini. Msimamizi ni mwanamke, Bi Samiha.

Ngwali, ambaye kijiweni wakimwita Pimamaji, kwa kile chombo cha kupimia usawa wa ukuta, kwa vile alikuwa fundi mkuu miaka ishirini, hakuupenda usafi ule.

Suhaib, au Redio, ndiye aliyeanza. Kwa maelezo yake, anayefagia hivyo ana anachokificha: saruji imepunjwa, na ufagio ni wa kuwapumbaza wakaguzi. Jecha, wa tatu wao pale benchini, akaona Redio amekomea njiani. Yeye ameuona utepe mwekundu umezungushwa kwenye shimo, na shimo la msingi tangu lini likawekewa utepe? Pale imefukuliwa mali ya watu wa kale, na kofia zile ni kinga dhidi ya mizimu ya hao wenye mali.

— Na majina getini? akauliza Ngwali.

— Ya kafara, yakhe, alijibu Jecha bila kucheka.

Ngwali akasema sivyo. Yule mwanamke anawachunguza mafundi wa zamani, nani aliharibu nini na wapi. Juzi kamwona kwa macho yake akizungumza na Mabruki.

Mabruki alianguka kutoka jukwaa la mbao la kujengea miaka mitatu nyuma, kwenye nyumba aliyoisimamia Ngwali, na tangu hapo anatembelea magongo. Redio akawahi kusema ile ilikuwa kadari tu. Jecha akasema lilikuwa jicho la watu. Ngwali akakubaliana na wote wawili.

Walikuwa hawajamaliza vikombe Bi Samiha alipovuka njia, buti zake zimejaa vumbi la saruji. Akawatolea salamu kwa adabu, akaeleza kuwa kesho anawafundisha vijana wake kazi ya juu, na Mabruki amekubali kuja kuwasimulia ajali yake. Ila lipo jambo moja ambalo Mabruki mwenyewe halijui.

— Asubuhi ile, wazee wangu, kabla hajapanda, nani alizikagua mbao?

Redio alimtazama Jecha. Jecha alitazama chini. Ngwali alikumbuka wingu la mvua, kamba iliyochakaa, na sauti yake mwenyewe ikiwahimiza watu wapande upesi. Bi Samiha alingoja, kisha akashukuru, akaaga.

Ngwali hakubaki. Alikwenda moja kwa moja kwa Mabruki, nyumba ambamo tangu ajali hakuwahi kukaa zaidi ya salamu za sikukuu. Leo alikaa.

— Hakuzikagua mtu, alisema. Aliyetakiwa kuzikagua ni mie.

Mabruki akamwuliza kama maneno hayo anaweza kuyarudia mbele ya vijana. Ngwali akasema anaweza.

— Basi kesho tutakwenda sote. Mie nitawaambia nilivyoanguka. Hayo mengine sema weye.