Nyundo na Majalada Matupu

Marehemu hakuwahi kumwomba mtu yeyote msamaha. Tunalisema mapema kwa sababu kila aliyefika hapa analijua, na kaburini si mahali pa kumpaka mtu rangi. Alipiga, alivunja, alitukana. Yaliyoweza kutengenezeka aliyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kimya kimya. Lakini neno "samahani" halikutoka kinywani mwake. Aliliona ni sawa na kupigishwa magoti.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshonaji. Mdogo wake, ambaye wengi mnamwita Kasuku, alifuata miaka minne baadaye. Mama yao alizoea kusema kwamba mkubwa alitoka tumboni amekunja ngumi, mdogo akatoka anaimba. "Ningejua," alisema, "ningewakoroga pamoja nikawagawa upya."

Alimaliza shule ya msingi vizuri. Sekondari iliishia kidato cha pili, alipompasua kiranja paji la uso kwa mguu wa dawati kwa sababu kiranja huyo alimpokonya Kasuku kofia pale getini. Mkuu wa shule alimpa nafasi. "Mwambie mwenzako samahani, urudi darasani." Akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani. Wapo wanaosimulia kisa hiki wakicheka. Yule kiranja alishonwa nyuzi na kovu analo hadi leo. Hakuna cha kuchekesha.

Mwaka 1976 aliingia gereji kujifunza kunyoosha bodi za magari, na huko ndiko alikopewa jina la Nyundo. Mlango uliobonyea kama karatasi aliurudisha mpaka mwenye gari akapapasa asijue palipogongwa. Msimamizi wake wa kwanza alimwita mvivu mbele za watu, akapoteza jino la mbele. Wiki hiyohiyo Nyundo alilinyoosha bampa la gari la msimamizi bila kuambiwa, akalipiga na rangi. Msimamizi alilizunguka gari, akasema, "Gari limepona. Jino je?" Nyundo akaendelea kugonga.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1983 na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Mara moja tu alimwinulia mkono, akamkuta ameshika pasi ya moto. "Shusha huo mkono, baba," mkewe alimwambia, "au nikunyooshe mimi leo." Aliushusha. Kesho yake cherehani, iliyokuwa inakwama tangu zamani, ilipatikana imetengenezwa. Walijaliwa watoto watatu.

Tunafika kwenye jambo ambalo familia imelikwepa kwa muda mrefu. Kasuku alipenda muziki wa Kiingereza, wa pop na roki, vijana wa magitaa wenye nywele za kufunika masikio. Tangu shuleni alinunua sahani zao za santuri moja moja, akazitunza kwa namna ambayo wengine hutunza nguo za sikukuu. Mwaka 1986 baba yao alikuwa amelala chumba cha ndani, hali yake mbaya. Jumapili moja alasiri Nyundo aliingia akitoka kazini, akakuta gramafoni inaunguruma sebuleni.

"Zima."

"Kaka, sikiliza kwanza..."

"Mzee anakufa humo ndani, wewe unacheza ngoma za Wazungu. Zima."

Kasuku hakuzima. Nyundo aliing'oa sahani chini ya sindano akaivunjia ukingoni mwa meza. Akashika nyingine, na nyingine. Alizichomoa kwenye majalada na kuzivunja, mdogo wake akining'inia mkononi mwake, mpaka ile aliyompiga nayo usoni. Ilikatika vipande, na kipande kimoja kikaingia jicho la kushoto. Majirani waliovunja mlango walimkuta Nyundo bado anavunja, damu ya ndugu yake imemtapakaa hadi kifuani. Jicho halikupona.

Baba aliyasikia yote kutoka kitandani. Alifariki siku chache baadaye. Baada ya maziko mama ndipo alipomwambia Nyundo, "Ni baba yako aliyeomba apigiwe huo muziki. Alisema unampunguzia maumivu."

Kasuku alihama. Alituma ujumbe mmoja tu kupitia kwa shemeji yake: siku kaka atakapotamka neno samahani, mlango uko wazi. Miaka ikapita. Watoto walikua wakimjua baba yao mdogo kwa picha.

Mama alipofariki mwaka 2016, Nyundo alikuta chini ya kitanda chake mfuko wa majalada. Sahani zilivunjika, majalada yalibaki mazima, na mama aliyafuta vumbi miaka yote hiyo. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikwenda kwa wauza vitu vya mitumba na jalada tupu kwapani. "Unayo ya kuingia humu?" aliuliza. Muuzaji mmoja alimcheka: "Mzee, watu hununua boksi halafu wakatafuta viatu?" Mwenye mdomo huo alishikwa shingo, akagundua haraka kwamba sahani anayo.

Kila aliyoipata aliiosha kwa maji ya sabuni laini, akaikausha kwa kitambaa cha mkewe, kisha akaisikiliza kuhakikisha hairuki. Masikio yalikuwa yameharibiwa na nyundo, hivyo aliegemeza taya kwenye kasha la gramafoni. Hapo akanaswa. Alijua ngoma inaingia wapi na gitaa la besi linapumzika wapi. Gereji nzima ilimsikia akigonga bodi kwa mapigo ya vijana wa Kiingereza waliokwisha kuwa wazee.

Mkewe ndiye aliyezipeleka. Kasuku hakupokea hata moja. "Shemeji," alisema, "mwambie sahani hazinidai wala sizidai. Anajua ninachokitaka. Hakiuzwi dukani."

"Na wewe litamke basi," mke alimwambia Nyundo. "Ni neno moja tu, baba watoto."

"Nitampa zote. Zikitimia atajua."

Jalada moja likabaki tupu. Tarehe 22 Julai 2023 aliikuta sahani yake dukani, lakini mikononi mwa dereva wa lori aliyekwisha kuilipia. Muuzaji anashuhudia kwamba dereva alikuwa mpole.

"Mzee, ukiihitaji sana niombe vizuri. Mimi nanunua kwa kupenda tu."

Nyundo alimpiga kichwa cha pua na kuikwapua sahani. Dereva, damu ikimchuruzika, alishika chuma cha kuvutia mlango wa duka akampiga nacho kichwani, kisha mara ya pili alipokwisha kuanguka. Kesi iko mahakamani. Pigo la pili ni la dereva na atalijibu. Familia inasema tu kwamba aliyeanza ni marehemu. Sahani ilitolewa mikononi mwake hospitalini, ikiwa nzima.

Damu ilivuja ndani ya ubongo. Alipasuliwa, akapata nafuu, akazungumza, kisha figo zikaanza kushindwa. Kasuku alikuja wodini. Alivuta kiti, akakaa upande ambao jicho lake zima lingemwona kaka yake.

"Kaka, nimekuja. Una la kuniambia?"

Midomo ya Nyundo ilicheza. Mkewe, aliyesimama miguuni mwa kitanda, alisogea karibu.

"Iko kwenye mfuko hapo chini," Nyundo alisema. "Haina hata mkwaruzo."

Kasuku alingoja mpaka muuguzi alipokuja kutangaza kwamba muda wa wageni umekwisha. Akairudisha shuka vizuri begani mwa kaka yake, akaondoka bila mfuko. Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2023.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja, ambaye amefika na amekaa mstari wa nyuma. Mungu amhukumu kwa huruma na kumpa utulivu ambao duniani hakuupata.

Neno "samahani" alikataa kumtamkia mdogo wake kwa miaka thelathini na saba. Lilimgharimu ndugu yake wa pekee, na mwisho likamgharimu uhai.