Mtu wa Turbini: Maisha ya Mzee Ambroise Akilimali, 1938–2002

Ndugu wa familia, wachungaji, majirani wa Dzaleka, na nyinyi mliotoka Kawale alfajiri ili mtufikie, asanteni, zikomo kwambiri. Bibi yetu Mama Régine amenituma mimi Ketsia, mjukuu, nisome maisha ya babu. Ameniambia, "Soma polepole, na usimufanye malaika."

Marehemu Mzee Ambroise Akilimali alizaliwa tarehe 12 Mei 1938 katika kijiji cha Namirombe, milimani juu ya Uvira, nchini Kongo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Kwao mvua ilinyesha karibu mwaka mzima, na mito ilipiga kelele usiku na mchana hata mtu akasahau kwamba anaisikia.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1946 hadi 1952. Hakuendelea, kwa sababu ada ilitosha kwa mmoja tu na ikaenda kwa kaka yake. Mwaka 1955 alipokelewa kufagia nyumba ya mashine ya misheni, na humo ndimo alimoiona turbini, mashine ya umeme wa maji, mara ya kwanza. Alisimama akiitazama mpaka fundi akamuuliza kama ufagio umemshinda.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza maji yanaingiaje ndani ya waya. Alicheka sana. "Maji haingiake mu waya, mama. Maji inaanguka, inasukuma mabawa ya chuma. Gurudumu inazunguka, inazungusha dinamo, na dinamo njo inatoa kuran, umeme yenyewe. Kazi ya maji ni kuanguka tu." Nikamuuliza maji yenyewe yanapata faida gani. Hilo alisema hajui, akaniahidi kulifikiria.

Tangu 1957 hadi 1996, miaka thelathini na tisa, marehemu aliitunza turbini ile, iliyowasha hospitali ya misheni na kuendesha msumeno wa mbao. Aliweka ncha moja ya kijiti kwenye beringi na nyingine sikioni, akajua kama inataka mafuta.

Tarehe 19 Agosti 1961 alifunga ndoa na Mama Régine. Bwana harusi alichelewa saa nzima, maana majani yalikuwa yameziba wavu unaochuja maji na hospitali ilikuwa giza. Alifika kanisani suruali imelowa mpaka magotini. Mama Régine alimwuliza mbele ya padri, "We Ambroise, unaoa miye ao unaoa mashini?" Akajibu, "Mashini haipikake." Mungu aliwajalia watoto wanne.

Oktoba 1996 vita viliwatoa nyumbani. Walivuka ziwa hadi Kigoma, wakapita Mbeya, na tarehe 3 Machi 1997 wakaandikishwa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Mama Régine alishona nguo. Marehemu alipata vibarua vya kuchomelea vyuma Kawale, mjini Lilongwe, na kila Jumamosi alirudi na kipande cha chuma ambacho sisi tuliona ni takataka.

Februari 1999 aliona kijito kinachoanguka kwenye miamba upande wa chini wa kambi. Wote mnajua kilichofuata. Alipasua mabomba akapata mabawa, akaunda gurudumu, akalifunga kwa mkanda kwenye dinamo ya lori. Mfumu, yaani chifu wa kijiji, alimpa ruhusa, lakini akamwonya kwamba mwezi wa nane maji hayo huisha. Marehemu aliwageukia wenzake akasema kwa Kiswahili, "Mto inaishaka namna gani? Mto si sabuni!"

Jumamosi tarehe 10 Aprili 1999 betri ya kwanza ilijaa, ikapandishwa kwa baiskeli hadi ukumbi wa kanisa, na taa nne zikawaka. Hapo alitoa ahadi mbele ya wazazi: wanafunzi ishirini na watatu wa darasa la nane wangesomea taa hizo kila jioni hadi mtihani wa mwisho wa mwaka. Wazazi waliacha kununua mafuta ya taa.

Agosti, kijito kilikauka. Gurudumu lilisimama na mbuzi wakapita chini yake. Jirani yetu Épitace, ambaye leo amelibeba jeneza, alipita mlangoni akaita, "Mzee, sabuni imekwisha? Tukuletee ingine?"

Marehemu alikaa ndani siku tisa. Hakwenda hata kanisani. Siku ya kumi alitoka, akaenda kwa mfumu, akapiga magoti na kumwambia kwamba alidhani anaijua mito yote. Mfumu alimpa mahindi ya kuchoma, hakumcheka. Jumapili akakiri hivyohivyo kanisani, kisha akasema, "Maji imeenda. Magoti ya batoto iko."

Aliifunga dinamo kwenye baiskeli isiyotembea. Kila mwanafunzi alikanyaga robo saa huku wengine wakisoma, na wa kwanza kukanyaga alikuwa yeye, mzee wa miaka sitini na mmoja. Épitace aliingia kucheka, akapandishwa juu ya kiti, akakanyaga zamu mbili. Tangu hapo taa hazikukosekana jioni hata moja hadi mtihani. Walifaulu kumi na saba. Tangu mwaka ule dinamo ina nyumba mbili: mvua ikija, kijitoni; kijito kikiisha, ukumbini.

Mwaka 2001 moyo wake ulianza kuchoka. Januari 2002 alilazwa hospitali mjini Lilongwe. Hakusikia maumivu mengi, tunamshukuru Mungu, na aliwasumbua wauguzi kwa kuwauliza jenereta yao inakula lita ngapi. Kila tulipomtembelea alitaka kujua darasa la mwaka huu lina wangapi. Ni thelathini na mmoja. Aliaga dunia Ijumaa tarehe 22 Februari 2002, saa nne asubuhi, Mama Régine akiwa amemshika mkono.

Habari ilipofika kambini, wazee walikwenda kuyafunga maji ili turbini inyamaze kwa heshima ya msiba. Kwa desturi yetu, mashine haizunguki kukiwa na matanga. Jioni Mama Régine alirudi kutoka Lilongwe, akakuta ukumbi giza na wanafunzi wamekaa nje.

"Nani amefunga maji?"

"Sisi, mama," Épitace akasema. "Ni heshima."

"Heshima ya nani? Aliahidia batoto taa, hakuahidia miye kimya. Muende mufungue."

Wakaenda. Leo Jumapili, tukitoka makaburini, darasa litaanza saa kumi na mbili jioni kama kawaida, na Épitace ndiye atakayepeleka betri.

Marehemu ameacha mjane, Mama Régine; watoto wanne, Dévote, Evariste, Ezechiel na Bora; wajukuu kumi na mmoja; na wanafunzi thelathini na mmoja, ambao Mama Régine ameagiza waandikwe hapa pamoja na familia.

Babu, Mungu akupe pumziko lenye amani. Kazi tunaishika sisi.