Vifungo Saba vya Mzee Zege

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Zege anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne. Kati ya hiyo, miaka ishirini na miwili aliishika mashine ya kuvunjia zege, saa tano kwa siku. Anayetaka apige hesabu. Mimi nimeshapiga, na jibu sikulipenda.

Kazi aliijua. Kwa mlio tu alitambua kama patasi imegusa nondo, akaizima mashine kabla haijaruka.

Tulimtania mno. Vidole vyake vilipogeuka vyeupe asubuhi za baridi, tulisema kaiba unga. Alipoanza kuja kazini kafungwa shati na mkewe, tukamwita bwana harusi. Kumbe vifungo hakuwa akivihisi! Kikombe cha chai kilipomponyoka mara ya tatu ndani ya wiki moja, kicheko kikatuishia.

Kosa lilikuwa letu sote. Tuliviringisha mpira wa tairi kwenye mishikio, ikawa minene, tukazidi kuikaba mashine ili itulie. Daktari akatuambia kinyume: ukiikaba zaidi, mtikisiko unapanda zaidi mkononi. Neva za Mzee zilikuwa zimeumia, na asipoiacha mashine, hata kijiko kingemshinda.

Mzee akaomba kuhamishwa, ofisi ikaomba subira. Barua tatu, miezi kumi na minne, jibu lile lile: mbona wenzake hawalalamiki? Mzee hakugombana na mtu. Alitupeleka wavunja zege wote tisa kwa meneja, akamwaga misumari midogo mezani, akatutaka tufumbe macho na kila mmoja aokote mmoja. Sita tulishindwa, nami nikiwemo. Safari hii meneja hakuomba subira.

Wiki hiyo Mzee akahamia stoo. Zikaja mashine zenye springi za kupunguza mtikisiko, na zamu za dakika ishirini zilizopimwa kwa saa ya ukutani, ambayo yeye ndiye aliyeilinda kama mboni ya jicho. Miaka tisa sasa, hakuna mkono mpya uliokufa ganzi.

Jumatatu alikuja kupigwa picha ya jarida hili. Shemeji yetu, mkewe, ameapa kwamba safari hii shati hakuligusa. Vifungo saba, kavifunga mwenyewe. Mtazame vizuri: cha nne kimeingia tundu la tano. Mpiga picha alitaka kurudia, tukamkatalia.

Asante, Mzee wetu. Unaondoka na mikono yako, unatuachia na yetu. Kapumzike kwa afya na furaha.