Ama Benyiwa Eshun na Somo Linaloondoka Naye

Mwalimu Ama Benyiwa Eshun anastaafu leo, tarehe 14 Machi 2024, siku anayotimiza miaka sitini, baada ya kufundisha Historia na Maarifa ya Jamii katika Shule ya Sekondari ya Juu ya Anomakrom kwa miaka thelathini na mitatu na nusu. Hakuwahi kuhamishwa wala kuomba uhamisho. Siku alizokosa kazini kwa ugonjwa hazifiki thelathini, na nazijua zote, maana supu ya siku hizo niliipika mimi.

Mimi ni mama yake. Kwa wasionijua, ni Maame Ekua wa jikoni, niliyewapikia wanafunzi wa shule hii hadi mwaka 2005. Idara ilipojadili nani aandike ukurasa huu, walimu walisema mfanyakazi mwenzake aliyemjua muda mrefu zaidi ni mimi. Ni kweli. Elimu yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo mtakapoona sentensi imepinda, nyoosheni wenyewe mkiwa mnasoma.

Ama alianza kazi Septemba 1990. Alikabidhiwa Maarifa ya Jamii, ambalo kila mwanafunzi lazima alisome, na Historia, ambalo mtu hulichagua mwenyewe. La kwanza alilifundisha vizuri. La pili ndilo lililokuwa roho yake. Kila mwanafunzi wake wa Historia wa kidato cha pili alitakiwa kurudi kwao na daftari tupu, na kulileta likiwa limejaa habari za mji wake, si za kunakili kitabuni bali za kutoka vinywani mwa wazee.

Sasa, kwetu huwezi kwenda kwa chifu kuuliza habari za kale mikono mitupu. Unabeba chupa ya pombe kali, wazee watambike kwanza. Na sheria ya shule inasema mwanafunzi asionekane karibu na pombe. Mwaka wa nne wa kazi, Ama alikuja jikoni kwangu na chupa tupu ya kijani, akaniomba niijaze maji ya tangawizi na sukari. Nikaijaza. Akaenda na wanafunzi wake hadi kwa chifu, akaikabidhi kwa heshima zote.

Msemaji wa chifu, Egya Amissah, akamimina chini mara tatu akiwaita waliotangulia, kisha akanywa kilichobaki. Akaigeuza chupa, akaitazama.

"Madamu," akasema, "wazee huko chini wanauliza ni nani aliyewaambia wana kikohozi."

"Egya, nisamehe. Shule hairuhusu ile nyingine."

"Basi shule ije yenyewe itambike, tuone."

Chifu alicheka mpaka akavua kofia. Jioni Ama alirudi peke yake na chupa ya kweli, na kesho yake wanafunzi wakaanza kupewa habari kwa siku tatu mfululizo. Madaftari yao yapo kabatini, maktabani, pamoja na ya miaka yote iliyofuata. Mji huu ulipogombania mpaka na majirani, wazee wenyewe walikuja kuyasoma.

Nikianza kuhesabu aliowafundisha, sherehe itaisha bila chakula. Hakimu wa wilaya ni wa kwake. Dada anayesoma habari redioni asubuhi ni wa kwake, na ndiyo maana hakosei majina ya miji. Mkuu wa idara yake wa sasa ni wa kwake pia. Ama ndiye aliyemfundisha kupanga ratiba, kisha akawekwa chini yake kwa miaka kumi na moja. Ama hakulalamika. Mimi ndiye ninayelalamika, na nafasi nimepewa leo.

Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili, wanafunzi wapya walipoleta fomu za kuchagua masomo, Historia ilipata kumi na saba. Walitakiwa ishirini. Mkuu wa shule, Bwana Ebo Tandoh, akamwita Ama ofisini. Aliyoniambia Ama ni haya, na Bwana Tandoh yupo, atanisahihisha.

"Madamu, wewe Machi unaondoka. Nitaomba vipi mwalimu mpya kwa watoto kumi na saba?"

"Omba tu, Mkuu. Kunyimwa si aibu."

"Wataniuliza somo hili linamwajiri nani."

"Wewe ulisoma nini hapa, Mkuu?"

Bwana Tandoh akafunga faili. Alisoma Historia, kwa Ama, na akafaulu. Wiki ile ile wale kumi na saba wakagawanywa kwenye Uchumi na Biashara. Vidato viwili vilivyobaki vitamaliziwa na mwalimu wa Jiografia, na wakishatoka hao, somo limekwisha Anomakrom. Maarifa ya Jamii litabaki, maana ni la lazima. Lakini kumtuma mtoto akaulize kwao, hilo halimo kwenye mtihani wake.

Ningependa kuishia hapo, lawama zote zibaki ofisini. Sitaweza.

Mmoja wa wanafunzi wapya ni mjukuu wangu Araba, binti wa kaka yake Ama, anayeishi kwangu. Aliniletea fomu niitie sahihi. Alikuwa ameweka alama kwenye Historia.

"Nana, nataka darasa la shangazi."

"Shangazi yako anaondoka. Na hiyo Historia itakupikia nini?"

"Shangazi imempikia."

"Shangazi yako alibahatika. Futa, weka Biashara."

Akafuta. Mabinti wawili wa mpangaji wangu walikuwa wamekaa hapo hapo, na fomu zao mkononi. Walipomwona Araba anafuta, nao wakafuta.

Kumi na saba na watatu. Hesabu hiyo hata aliyeishia darasa la sita anaiweza.

Siku somo lilipofungwa, Ama alikuja kula kenke ya mahindi na samaki kwangu. Fomu zote alikuwa ameziona, na wino uliofutwa anaujua. Aliniuliza kama samaki alikuwa wa leo. Nikamwambia ni wa leo. Akanawa mikono, akaaga. Miezi mitatu sasa hajanitajia jambo hilo, na mimi, ninayejulikana mji mzima kwa mdomo, sikupata neno la kumwambia.

Kwa hiyo naliandika hapa, kwenye kitabu cha sherehe, mbele ya walimu wenzake na wazazi. Ama, ni mimi niliyemfutisha Araba. Kwa miaka thelathini na mitatu nimetembea kifua mbele sokoni, mama wa Madamu, nikapewa nyanya za juu ya fungu kwa sababu ya somo lako, kisha lilipomhitaji mtu mmoja wa nyumbani kwangu nikasema halipiki. Nimekukosea.

Friji mnayompa leo tunaishukuru sana, na itajazwa. Bwana Tandoh, nakuomba kitu kingine kisicho na bei: usiliondoe jina la Historia kwenye fomu za mwaka ujao. Liache lisimame pale, hata kama bado hujapata mwalimu. Siku ya kusajili wanafunzi wapya nitakuja na kigoda changu, nikae getini wazazi wanapopanga foleni, na kila mwenye fomu nitamweleza nilichofanya. Nina miaka sabini na tisa. Mlinzi wa geti nilimlisha akiwa kidato cha kwanza, sidhani kama ataniinua.

Ama Benyiwa, asante kwa kazi. Amka saa unayotaka, vaa viatu usivyovaa shuleni, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Wakifika ishirini, nitakuja mwenyewe kwako kukuambia. Wasipofika, nitakuja pia.