Kumuaga Mama Mizani wa Wodi ya Figo

Mheshimiwa Mganga Mkuu, mama yetu Muuguzi Mkuu, waheshimiwa madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu tunaouguza: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wenye wagonjwa. Mimi si msemaji, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Tumekuja kumuaga mtaalamu wetu wa lishe, ambaye sisi wa wodi ya figo tunamwita Mama Mizani, kwa sababu hata ukimpa mkono unahisi anaupima uzito. Usininunie, mama, jina unalijua. Mtu kustaafu akiwa mzima ni jambo la furaha, na ningependa nicheke. Lakini nasema kweli, leo nina majuto moyoni.

Binti yangu alipougua figo, tulirudishwa nyumbani na agizo moja: “Mpeni chakula kizuri.” Simlaumu aliyesema. Foleni ilikuwa imefika getini, na yeye hajaketi tangu asubuhi. Ila chakula kizuri, kwa watu kama sisi, ni kipi? Si matunda? Si juisi na ndizi mbivu? Nani kati yenu aliwahi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu? Basi ukoo mzima ukajipanga, na wifi yangu, shangazi wa mtoto, akawa wa mbele kila mara na kikapu chake cha machungwa. Anakamua mwenyewe, anakaa kitandani, anambembeleza, “Kunywa, mwanangu, damu irudi.” Na mtoto anakunywa, maana anampenda shangazi yake kuliko mimi niliyemzaa, na halifichi hilo.

Siku moja binti akasema, “Mama, miguu imekuwa mizito, siwezi kuinuka.” Tukadhani ni uchovu. Shangazi akaongeza glasi. Tulipomfikisha hapa, moyo wake ulikuwa kama gari bovu, unawaka, unazima. Wakamkimbiza kwenye mashine ya kusafisha damu, na Mungu akatuachia mtoto.

Mama Mizani akatukuta kwenye benchi, mimi na wifi, kikapu kiko katikati yetu.

“Haya machungwa ni ya nani?”

“Ya mgonjwa,” wifi akajibu.

“Basi menya ule wewe, dada yangu. Mimi nitakutazama.”

Wifi akavimba. “Kwani nimekuja na sumu?”

Mama Mizani hakupandisha sauti. Akajibana pale benchini, akatueleza kwamba figo zikichoka, madini yaliyo kwenye machungwa na ndizi hayana pa kutokea, yanabaki kwenye damu mpaka yanaukaba moyo. Wifi akainuka, akaacha kikapu, akaondoka.

Hadi leo hajakanyaga kwangu. Nimemfuata, nimetuma watu, jibu ni lile lile: “Mkono huu ndio uliomnywesha.” Ndugu zangu, kosa lake ni lipi? Alipenda, na hakuna aliyemwambia. Binti yangu yuko hai, lakini nyumba yetu imepungukiwa na mtu, kwa sababu ya maneno machache ambayo yangeweza kusemwa mapema.

Tangu hapo Mama Mizani akatushika mkono. “Njoo na sufuria yako,” aliniambia, “na kile mnachokula kweli, usiniletee cha kunifurahisha.” Tukapika mbele yake katika kile chumba kidogo karibu na kwa dobi. Viazi unamenya, unakata vidogo, unaloweka, unamwaga maji, unachemsha kwa maji mengi, unamwaga tena. Nikamuuliza, “Mama, si unamwaga utamu wote?” Akasema, “Namwaga kinachosimamisha moyo. Utamu tutautafuta kwenye kitunguu.” Binti alipoonja akasema, “Viazi hivi vimeoga kuliko mimi.” Akajibiwa papo hapo, “Basi maliza sahani, nawe ukaoge.”

Msidhani tumeshajua, tunaweza kujiendea wenyewe. Kila damu ikipimwa, sahani inabadilika. Alichoruhusiwa safari hii, safari ijayo anakatazwa, na aliyelala kitanda cha pili ana kisukari, chake ni kingine kabisa. Hayo mimi nitayajulia wapi?

Na sasa tunasikia hakuna atakayeshika nafasi yake, na chumba kile kitawekwa magodoro. Mheshimiwa Mganga Mkuu, wewe ndiye uliyempa chumba hicho, wengine wakisema hospitali si mgahawa. Hatujasahau. Kwa wema huo huo nakuuliza, mbele za watu, unisamehe: dawa mtampa mgonjwa wangu, mashine mtamwekea, lakini akirudi nyumbani na njaa yake, nimpe nini?

Mama Mizani, nenda ukapumzike, miguu yako imetembea vya kutosha. Tunajuta tulikuzoea mno, hata hatukuwahi kuuliza nani anajifunza kwako.

Mheshimiwa, sidai jibu la kupigiwa makofi. Binti yangu anapimwa damu Jumatatu. Nitakuja na majibu yake na sufuria yangu, nitabisha hodi pale karibu na kwa dobi. Ninachoomba ni kusikia mtu akiniitikia, “Karibu.”

Nawashukuru wote kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu.